Muulize Ami Fundi: Mtu mmoja kalala, nusu ya watu wakakosa fainali

SWALI: Ami Fundi asalam aleikum. Mimi ni kijana wa Majengo hapa Mombasa, mimi na wenzangu watatu twarusha laivu mechi za mtaa, zile za usiku wa Ramadhani ndo zapendwa zaidi mpaka ndugu zetu walioko Muscat na Jeddah wanakesha nazo. Zamani tulikuwa twarusha kutoka kwa laptopu yetu moja kwa moja, watu wakifika thelathini hivi picha yaganda. Mwenzetu mmoja anayejua kuandika programu akatengeneza mfumo wa P2P, yani anayeangalia naye anampa mwengine, na mwanzo ulikuwa raha tupu, tukafika watu mia tatu. Sasa siku ya fainali, dakika ya 70, picha ikakatika kwa nusu ya watu kwa mpigo, kumbe jamaa mmoja wa Nyali mwenye fayba nzuri kazima kompyuta kaenda kulala. Tukahangaika tukarudi, kabla mpira haujaisha wengine wakaanza kuona picha imejaa vigae vya rangi, na wengine likawatokea tangazo la kamari katikati ya penalti! Swali letu: tuachane na P2P tukalipe seva, ama kuna namna ya kuufanya usivunjike? Na huyu wa kamari tumfanyeje? – Vijana wanne, Majengo

AMI FUNDI: Waaleikum salaam wanangu. Nianze na huyu jamaa wa Nyali, manake barua yenu nimeisoma mara mbili na naona mwamlaumu kichinichini. Hana kosa. Saa sita za usiku mtu akitaka kulala alale, kompyuta ni yake na stima alipa yeye. Kosa ni lenu nyinyi mlomtwika nusu ya watazamaji mgongoni bila yeye kujua.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuseme mechi mwairusha kwa megabiti 1 kwa sekunde na laini yenu ina aplodi, yani kasi ya kutuma, ya megabiti 30. Watu thelathini ushamaliza, ndo mana ilikuwa yaganda pale pale. Watu 300 wataka megabiti 300, nyinyi mna 30, hizo 270 zilobaki lazima zitoke kwa watazamaji wenyewe, yani kila mtu kwa wastani atoe 0.9. Sasa nani ana 0.9 ya kutoa? Mwenye simu ya bando hana, ama anayo lakini hataki, na ana haki. Kwa hivo programu ya mwenzenu ikawa yamtafuta mwenye nguvu na kumrundikia, na mwenye nguvu alikuwa mmoja wa Nyali. Mfumo wa aina hiyo si P2P tena, hiyo ni seva ya kuombaomba, na mwenye seva hajui kuwa yeye ni seva.

Sasa umbo lake. Wajua vile twapokezana sahani za pilau harusini, mmoja yuko kwenye sufuria na watu wamejipanga mstari mpaka ukumbini, sahani yapita mkono kwa mkono. Wa tatu kwenye mstari akichomoka kwenda kujibu simu, walio mbele yake hawahisi kitu, ila wote wa nyuma wako na njaa, na wa mwisho kabisa hajui hata nani katoka. Nyinyi mmejenga mti: chanzo juu, chini yake watu kadhaa, kila mmoja ana wake, hivo hivo mpaka chini. Mti ni mwepesi na wapeleka picha haraka, lakini una aibu mbili. Ya kwanza ni hiyo ya kukatika. Ya pili watu hawaioni: wale wa mwisho kabisa kwenye mti hawampi mtu chochote, na hao ndo wengi, mti ambao kila mtu analisha wawili basi nusu ya watu wako mwisho, wanakula tu.

Dawa ya aibu zote mbili kwa pamoja ilipatikana 2003, na watafiti wa Microsoft kule Cambridge pamoja na wenzao wa chuo cha Rice Marekani, wakaiita SplitStream. Badala ya mti mmoja, mechi unaikata vipande vidogo vyenye nambari, ukavigawa kwenye njia nne tuseme: kipande cha 1, cha 5, cha 9 vyapita njia ya kwanza, cha 2, cha 6, cha 10 njia ya pili, na kuendelea. Kila njia ina mti wake. Halafu, na hapa ndo utamu wenyewe, kila mtu anagawa kwenye mti mmoja tu, kwenye ile mitatu mengine yeye anakula tu. Yule jamaa wa Nyali akizima leo, walio chini yake wanakosa robo ya vipande, kwa sekunde chache, mpaka wapate mwengine wa kuwapa. Hakuna anayekosa vyote. Na yule wa mwisho aliyekuwa hampi mtu, sasa kuna mti mmoja ambao naye analisha wenzake.

Lakini robo ikikosekana picha bado yaharibika, utaniambia. Kweli. Kwa hivo waongeza njia ya tano ambayo haina mechi mpya ndani yake, ina hesabu ya zile nne, imepangwa hivi kwamba ukipata vipande vyovyote vinne kati ya vitano wapata picha kamili. Hii si uchawi, ni hesabu za Reed na Solomon za 1960, hizo hizo zilizofanya CD yako ya taarab ilokwaruzwa bado ikawa yaimba bila kuruka. Bei yake lazima muijue: mwatuma tano badala ya nne, yani robo zaidi, ile megabiti 1 yawa 1.25 na zile 300 zawa 375. Mimi kwenu ningeshusha picha kidogo nikalipe hiyo robo, manake mtu wa Jeddah afadhali aone mpira uliofifia kuliko auone mzuri halafu ukate penalti inapigwa.

Kuna kabila la pili la P2P lisilotaka miti kabisa. CoolStreaming, ilotoka Hong Kong 2004, ndo ilolipa umaarufu, na zile za Kichina zilizokuja baadae kama PPLive zikafuata njia ya aina hiyo. Huko kila mtu ana majirani wachache, kila baada ya muda mfupi wanaambiana "mimi nina 812 mpaka 830 ila 819 sina", na anayekosa anaomba kwa aliyenacho. Mtu akitoka haumii mtu, waomba kwa jirani mwengine. Ubaya wake ni kuomba omba kwenyewe, kwachukua muda, zile za zamani zilikuwa zachelewa mpaka sekunde kadhaa ama hata dakika nzima, na kwa mpira hiyo ni balaa, jirani wa ghorofa ya juu mwenye dishi kashapiga kelele za goli wewe kwako bado yuko katikati ya uwanja. Mimi ningechanganya: vipande vishuke kwa miti bila kuombwa, na kile kilochokosekana tu ndo kiombwe kwa jirani. Miti kwa haraka, majirani kwa dharura.

Sasa ile dakika mlokuwa "mwahangaika mkarudi", hebu niambieni ukweli, watu wote mia na hamsini walirudi kwa laptopu yenu kwa sekunde moja, si ndiyo? Najua, manake kila mtu huandika programu hivo mara ya kwanza: mzazi akipotea, nenda kwa chanzo. Hapo ajali ndogo ndo yageuka kubwa, chanzo chenu chashindwa hata kuwapa wale ambao hawakuwa na shida. Kila mtazamaji awe na majina ya watu wawili watatu wa akiba tangu mapema, anajua akikosa huyu anakwenda kwa yule, chanzo kiwe cha mwisho kabisa, na kabla ya kujaribu tena angoje muda wa bahati nasibu, huyu nusu sekunde, yule mbili, ili wasigonge mlango pamoja. Na msingoje sekunde thelathini ndo mkubali mtu kapotea, bafa yenu, ile akiba ya picha ilofika kabla ya kuonyeshwa, ikiwa sekunde kumi basi kimya cha sekunde mbili chatosha, afadhali umshuku bure kuliko bafa iishe ukimsubiri.

Jambo jengine ambalo vitabu vyalipita haraka na sisi wa hapa twalijua sana: stima. Hesabu nyingi za mifumo hii zachukulia kwamba watu wanatoka mmoja mmoja, huyu kalala, huyu kaitwa na mamake. Kisauni transfoma ikilia, mtaa mzima watoka kwa sekunde moja, na tarehe 25 Agosti 2023 ilizima karibu nchi nzima. Kwa hivo wazazi wa mtu mmoja kwenye ile miti mitano wasiwe wote wa mtaa mmoja wala wa kampuni moja ya intaneti. Wengi wawe wa karibu, ni haraka na rahisi, lakini mmoja wawili wawe mbali. Na msidhani mbali peke yake ni salama, Februari 2012 meli iliteremsha nanga hapa hapa nje ya bandari yetu ikakata kebo ya TEAMS, ile ya intaneti ipitayo chini ya bahari, na Mei 2024 kebo nyengine mbili, EASSy na Seacom, zikakatika siku moja kule kusini. Mtu wa Muscat akikosa njia ya kuja Mombasa, awe na mtu wa Jeddah wa kumpa. Mmoja tu kule ng'ambo akipata vipande, wenzake wote wa huko wanapata kwake.

Na nyinyi wenyewe je? Mwaweza kuwa na miti mia, laptopu yenu ikizima hakuna mechi. Laptopu ya pili, laini ya simu ya kampuni nyengine pembeni, betri ya kushikilia rauta. Ile laptopu ya pili lazima ihesabu vipande sawasawa na ya kwanza, kipande 812 cha hii kiwe ndo 812 cha ile, la sivo mkibadilisha watazamaji wote watachanganyikiwa.

Haya, sasa huyu wa tangazo la kamari.

Huyo hakuvunja kitu, alijipanga kwenye mstari wa pilau kama mtu mwengine yeyote, akapokea sahani safi na kumpa wa nyuma yake sahani yenye mchanga. Na wa nyuma akaipitisha bila kufunua. Mwaka 2007 kuna watafiti walijaribu jambo hili kwenye mfumo mmoja uliokuwa na watu wengi, wakakuta madhara ni makubwa sana, sababu anayepokea uchafu ndo huyo huyo anayeusambaza. Wakapima dawa nne: kuwapiga marufuku wachafuzi, kusimba vipande (kuvificha kwa siri), kulinganisha alama zake (nambari fupi inayotokana na kipande chenyewe), na kutia kila kipande saini ya kidijitali ambayo chanzo peke yake chaweza kuitia. Wakasema saini ndo inayofaa zaidi, na mimi nakubaliana nao moja kwa moja.

Mtu aliyezoea torrenti atauliza mbona kule hakuna tabu hii. Kule faili ishakamilika, alama za vipande vyote zimo ndani ya ile faili ndogo tangu mwanzo, kipande cha uongo chajulikana hapo hapo. Mechi yenu bado haijachezwa, hizo alama utazitoa wapi? Lazima chanzo kitie saini papo hapo wakati mpira waendelea. Kutia saini kila kipande ni kazi nzito kwa simu za watu, kwa hivo kusanyeni alama za vipande vya sekunde moja kwenye orodha, orodha hiyo ndo mtie saini mara moja, na itangulie kufika. Ufunguo wa siri wa kutilia saini ukae kwa laptopu zenu mbili tu, ule wa kukagulia uwafikie watu kwa njia nyengine kabisa, kwa grupu lenu la WhatsApp ama ndani ya apu yenyewe, usipite kwa majirani manake jirani ndo twamshuku. Na ndani ya saini muweke nambari ya kipande na jina la mechi, la sivo mtu atarudisha vipande vya nusu fainali ya juzi, saini ni yenu halali kabisa na watu wataona mabao ya zamani.

Halafu kanuni moja ambayo msiifanyie masihara: kagua kabla hujapitisha. Si baada, kabla. Najua yaongeza kuchelewa kidogo. Lakini ikiwa kila mtu anakagua kabla, uchafu unakufa kwa mkono wa kwanza, na pia wapata kitu cha ziada, aliyekupa kipande cha uongo ndo mwenye makosa mwenyewe, hawezi kusema "na mimi nilipewa", kwa hivo mkate. Umkate wewe, kwa ulichokiona wewe. Msijenge utaratibu wa kuripotiana mkauamini, manake adui wa kwanza kuripoti atakuwa yeye, atawashtaki watu wema mpaka mfumo uwatoe wenyewe. Na zile hesabu za nne kwa tano nazo zataka ukaguzi kabla ya kufungua, kipande kimoja cha uongo kikiingia kwenye hesabu chaharibu vyote vitano.

Adui akishindwa kuchafua atajaribu kuzamisha, atamtafuta mtu muhimu ammiminie maombi ya uongo mpaka laini yake ijae. Hapa kuna kazi nzuri ya watu wa chuo cha Ilmenau, Ujerumani, ya 2009, walijiuliza mti gani ndo mgumu kuuvunja kwa mtu anayeujua wote. Jibu lao, kwa maneno yangu: hakikisha wale wanaopokea moja kwa moja kutoka kwa chanzo ni wengi na wana mzigo sawa, na wengine wote wawe hakuna aliye na watu wengi kuliko mwenzake, hapo adui hana pa kuanzia pa maana isipokuwa hao wa mbele. Mimi naongeza la kwangu, msimwonyeshe mtu ramani. Mtazamaji ajue wazazi wake, watoto wake na wale wa akiba, bas. Nimeona programu ambayo ukiingia tu trakeri, ile inayowaunganisha watazamaji, yakupa orodha ya watu wote na nani anampa nani, hiyo ni kumchorea mwizi nyumba.

Kwa hivo mlipe seva ama mbaki? Bakini, lakini mkodi seva moja ndogo iwe kama mtazamaji mwenye nguvu asiyelala, mmoja kati ya wale wa mbele, asiwe zaidi ya hapo. Kampuni ya Octoshape walipobeba laivu ya CNN siku Obama anaapishwa Januari 2009 nao walichanganya seva na watazamaji. Na siku isiyo na mechi, wekeni simu ielekee ukuta tu, waalikeni watu hamsini, halafu mzime kompyuta kumi bila kumwambia mtu ni zipi. Anzeni na yule wa Nyali, na safari hii mumuombe ruhusa.

SWALI: Ami shikamoo. Mimi naangalia laivu za maulidi kwa simu, kuna apu wajukuu waliniwekea. Bando la GB 1 limekwisha kwa saa moja na kidogo, na hapo zamani lilikuwa laenda saa mbili. Naibiwa? – Bi wa Kibokoni

AMI FUNDI: Marahaba Bi. Kwa ufupi, ndiyo, ila mwizi ni apu. Megabiti 1 kwa sekunde kwa saa nzima ni kama MB 450. Apu za aina hii, kama hizi za vijana wa Majengo hapo juu, zakupa picha halafu zachukua bando lako kumpelekea mwengine, nyengine 450 hizo, jumla MB 900 na vijisenti vya juu. Mwambie mjukuu aingie kwa mipangilio atafute mahali pa kuzuia kupandisha ukiwa nje ya wifi. Pasipokuwepo, itoe hiyo apu. Na nyinyi mnaotengeneza, sikilizeni: mwenye bando aulizwe kwanza. Wafikirie kama abiria, wasihesabiwe kwenye wabebaji, na mkikosa wabebaji wa kutosha bas shusheni picha.

SWALI: Ami, nasoma mambo ya kompyuta hapa Tudor. Saini nimeelewa. Lakini adui akijisajili mara 200, kila moja na jina lake, akakaa kimya tu bila kuchafua kitu, halafu dakika ya 89 wote 200 wakanyamaza pamoja? – Mwanafunzi

AMI FUNDI: Swali zuri, na lina jina, ni shambulio la Sybil, John Douceur wa Microsoft aliliandikia 2002 na akaonyesha jambo la kuudhi: bila ya mtu mmoja anayeaminika wa kuhakiki nani ni nani, huwezi kulizuia kabisa. Wengi hukimbilia kuweka kikomo kwa anwani, kila anwani ya IP watu wawili. Ulaya huenda yafaa. Hapa kampuni za simu huwaweka wateja chungu nzima nyuma ya anwani moja, ukiweka kikomo hicho wawafungia Likoni nzima nje na adui mwenye seva zake ng'ambo anaingia bila tabu.

Kwa laivu ya mtaa mnayo bahati ambayo wakubwa hawana, mnajuana. Kila mtu aingie kwa linki ya mwaliko, na linki ijulikane ni ya nani. Adui akiingiza 200 kupitia linki moja, wale wote wanawekwa tawi moja, wasitawanywe, kwa hivo wakinyamaza dakika ya 89 wanajinyima wenyewe. Pia mtu asipewe watoto wa kulisha mpaka awe ameshatoa vipande vizuri kwa muda, tuseme kipindi chote cha kwanza, na hata baada ya hapo kwenye wazazi watano wa mtu mmoja wasiwe zaidi ya mmoja waliotoka kwa linki ile ile. Kisha majirani wa dharura wachaguliwe ovyo ovyo na wale wa zamani wasitupwe kila mara akija mgeni, manake adui hupenda kukuzunguka pole pole mpaka majirani zako wote ni yeye.

Hapo 200 wake wakinyamaza, mtazamaji wa kawaida anakosa njia moja kati ya tano, na nne zatosha.